Waliokuwa Wakijaza Uwanja Wako Wapi?

Askari polisi aliye zamuni katika uwanja wa mpira hatazami mpira. Kazi yake ni kuwatazama watu. Husimama kando ya mstari, mchezo akaupa mgongo, uso akauelekeza majukwaani, ili aone mapema ni nani anayeinua chupa, ni nani anayemsukuma mwenzake, na ni mtoto yupi aliyepotezana na baba yake. Sajini mmoja wa polisi mjini Kampala, ambaye amebakiza miaka michache kustaafu, ameifanya kazi hiyo tangu alipokuwa kijana. Mabao mengi ya ligi ya Uganda yamefungwa nyuma ya mgongo wake. Aliyatambua kwa kelele, na kwa nyuso za watu.

Kwa hiyo hakuna haja ya kumweleza Sajini huyo kwamba watazamaji wamepungua viwanjani. Yeye aliwaona wakiondoka. Alikuwa amemzoea mzee mmoja mwenye kofia nyekundu, mpenzi wa Express, aliyekaa siku zote mahali pamoja na kumsalimu kwa mkono kabla ya firimbi ya kwanza. Aliwazoea mafundi wa magari waliokuja na nguo zao za kazi, na mama mmoja muuza karanga aliyewajua waamuzi wote kwa majina. Msimu mmoja ulianza na yule mzee hakuonekana. Msimu mwingine mafundi walikuja wawili badala ya saba. Kisha muuza karanga akahamishia biashara yake kwenye kituo cha teksi. Askari vijana wakawa wanamwambia, "Afande, leo tuko wengi kuliko watazamaji." Walikuwa wakitania, lakini Sajini hakucheka.

Jambo hili lingebaki kuwa la uwanjani tu, kama lisingeingia nyumbani kwake. Mwishoni mwa Mei 2025, siku ya mwisho ya msimu wa ligi ya Uingereza, mwanawe mwenye umri wa miaka 17 alizitia karo za muhula katika kamari ya mpira, na zote zikapotea.

MTOTO WA UWANJANI

Ili kulielewa donge lililomkaa Sajini kooni siku hiyo, yafaa kujua jinsi yeye mwenyewe alivyolelewa. Baba yake alikuwa askari wa magereza. Alizaliwa kambini, akajifunza Kiswahili kambini, na mpira akaufahamu kabla hajaifahamu shule. Zama hizo timu za askari zilikuwa fahari ya nchi. Magereza ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1968, ikarudia mwaka 1969. Simba, timu ya jeshi, ilitwaa ubingwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika, ambako ilishindwa na Hafia ya Guinea. Habari hizo Sajini alizipata kwa baba yake, zikisimuliwa wakati wa chakula cha jioni kama watu wengine wanavyosimulia habari za mababu.

Tarehe 16 Machi 1978 alikuwa na umri wa miaka minane. Redio iliwekwa dirishani, na ua wote wa kambi ukajaa watu waliokuja kusikiliza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kutoka Accra. Uganda ilifungwa na Ghana mabao 2 kwa 0. Alimwona baba yake akiizima redio polepole, akakaa kimya, kisha akasema kwamba Jumamosi watakwenda Nakivubo.

Nakivubo ilikuwa katikati ya mji, jirani na soko la Owino na vituo vya magari. Mwenye duka aliweza kufunga saa tisa na nusu, na saa kumi akawa amekwisha keti. Kuli aliweza kuteremsha mzigo, akanawa uso, akaingia. Hapakuwa na safari ya kwenda mpirani, kwa maana mpira ulikuwa njiani mwa kila mtu. Baba yake hakuacha kumkumbusha kwamba uwanja ule uliitwa ukumbusho wa vita kwa heshima ya askari wa Uganda waliokufa vitani, na kwamba mtu hatupi taka mahali kama pale. Juu ya mabega ya baba huyo ndipo mtoto alipowaona Jimmy Kirunda na Philip Omondi, na tangu siku hiyo hakuhitaji kuambiwa Uganda ni kitu gani.

SABABU HAZIKUJA PAMOJA

Watu wengi, wakiulizwa kwa nini viwanja vinabaki vitupu, huitaja televisheni na kunyamaza. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi.

Ni kweli kwamba mechi za Ulaya zilipoanza kuonyeshwa kwa satelaiti, vibanda vya kuonyeshea mpira viliota kila mtaa. Mtu hulipa ada ndogo mara moja, akaona mechi mbili au tatu, akaketi kivulini, na nyumbani kwake ni mwendo wa dakika tano. Tena saa zenyewe zinagongana. Mechi ya kwanza ya Jumamosi Uingereza huanza saa nane na nusu mchana kwa saa za Kampala, au saa tisa na nusu majira ya baridi yanapoingia kwao. Zinazofuata huanza saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Mechi ya ligi ya nyumbani, ikianza saa kumi kama ilivyo desturi, inakatwa upande huu na upande huu. Anayekwenda uwanjani anazikosa mbili ili aione moja. Na hiyo moja ikipelekwa Jumanne au Ijumaa ili kukwepa mgongano, mfanyakazi yumo kazini na mwanafunzi yumo darasani.

Lakini Watanzania nao wana televisheni hizo hizo na saa hizo hizo. Hata hivyo Simba na Yanga zikikutana Dar es Salaam, Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi za watu wapatao 60,000, hufurika. Kwa hiyo yapo mengine.

La kwanza ni umbali. Uwanja wa taifa wa Mandela ulipofunguliwa Namboole mwaka 1997, wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini Namboole iko nje ya jiji, kwenye barabara ya Jinja, na kila aliyewahi kupita barabara hiyo jioni anaujua msongamano wake. Nakivubo ya zamani ilibomolewa mwaka 2017 ili ijengwe upya, na mpya ikazinduliwa mwaka 2024. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ya kubomolewa alikuwa na miaka kumi na mitano siku ya kuzinduliwa. Umri ule ambao Sajini alikuwa mabegani mwa baba yake, mwanawe aliupitisha pasipo uwanja wa katikati ya mji. Na Namboole nayo ilipofungwa kwa matengenezo, timu ya taifa ililazimika kwenda kuwa "mwenyeji" ugenini. Machi 2023 iliipokea Tanzania mjini Ismailia, huko Misri.

La pili ni usalama. Sajini hawezi kuusahau usiku wa tarehe 11 Julai 2010, wakati wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalipolipuka Kyadondo na Kabalagala na kuua zaidi ya watu 70 waliokuwa wamekaa kuangalia mpira. Tangu hapo upekuzi malangoni ukawa sheria. Ulikuwa wa lazima, na askari wenzake walioufanya waliokoa maisha ambayo hesabu yake haitajulikana kamwe. Lakini lango likiwa moja na foleni ni ndefu, mwenye tiketi huingia mechi imefika nusu. Akitendewa hivyo mara tatu, ya nne hukaa nyumbani. Kisha ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020, ligi ikakatizwa, na msimu uliofuata ukachezwa bila watazamaji. Mazoea ya miaka mingi yakavunjika, na si wote walioyaunga tena.

La tatu ni imani. Mpenzi wa mpira huvumilia kufungwa. Havumilii kufanywa mjinga. Mwaka 2003, ubingwa ukiwa unagombewa, mechi moja ya ligi iliisha kwa mabao 22 kwa 1. Miaka tisa baadaye viongozi waligombania uendeshaji wa ligi yenyewe hata watu wasijue ligi halali ni ipi. Watu hawakuandamana kwa mambo hayo. Walikunja bendera zao, wakaziweka sandukuni.

La nne alilielezwa na mkewe, naye hakuwa amelifikiri hata siku moja.

MANENO YA MAMA WATOTO

Mkewe ni mwuguzi. Walipokuwa wachumba alikwenda naye uwanjani mara nyingi. Baada ya kupata watoto aliacha, na Sajini akadhani ni shughuli za nyumbani. Jioni ile ya karo zilizopotea, kijana akiwa ameinamisha kichwa pembeni, Sajini alisema kwa uchungu kwamba lau mtoto angekuwa anakwenda uwanjani na wenzake kama zamani, asingeangukia mikononi mwa kamari.

Mkewe alimjibu kwa upole. "Baba watoto, ni nani angempeleka? Wewe huwa zamuni. Mimi nikienda, choo cha wanawake hakuna, au kipo na kimefungwa. Nyuma yangu wamekaa walevi wanaomtukana refa kwa matusi ambayo siwezi kumrudia mtoto. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, na viingilio, na maji ya kunywa, ni unga wetu wa juma zima. Kibanda kipo hapo nje ya uzio. Basi akaenda kibandani."

Sajini hakuwa na la kujibu. Alikuwa amesimama viwanjani zaidi ya miaka thelathini akiyatazama majukwaa, na hakuwa ameona kwamba wanawake ndio waliotangulia kuondoka. Mama akiacha kwenda, watoto hawaendi. Watoto wasipokwenda, baada ya miaka kumi hakuna watu wazima wa kwenda.

Ndipo alipomgeukia kijana, akamwuliza mambo taratibu, bila fimbo. Akagundua kwamba mwanawe aliwajua wachezaji wote wa Arsenal, umri wao na bei walizonunuliwa, lakini hakuweza kumtaja hata mlinda mlango wa timu ya Polisi, timu ya baba yake, ambayo ilikuwa bingwa wa Uganda mwaka 2005 na ikaleta Kombe la Kagame kutoka Dar es Salaam mwaka 2006. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kijana alitumia simu ya jirani aliyemzidi umri, kwa makubaliano ya kugawana faida. Kibanda kilikuwa upande huu wa njia, na dirisha la kamari upande wa pili.

"Baba," kijana alisema, "pale kibandani kila mtu ana timu. Asiye na timu haongei. Na mwenye timu asiyeweka pesa, wanamwona mtoto."

Sajini aliyatafakari maneno hayo usiku kucha. Yeye pia, utotoni, alitaka kuwa na timu ili apate kuongea na wakubwa. Tofauti ni kwamba timu yake ilikuwa ya watu aliowaona kwa macho. Walipita mbele ya kota, walinunua mkate duka lile lile, na wakifanya vibaya wazee waliwakaripia njiani. Timu ya mwanawe iko London, haimjui wala haitamjua, na kitu pekee kinachoweza kumfunga nayo ni fedha alizoziweka.

USIKU WA NAMBOOLE

Agosti 2025, Uganda, Kenya na Tanzania ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN. Haya ni mashindano ya pekee, kwani huruhusu wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao tu. Wanaocheza Ulaya hawamo. Namboole ilikuwa imekwisha kutengenezwa upya na kikosi cha wahandisi wa jeshi la UPDF, na wengi wa askari waliobeba saruji ile walikuwa na watoto wanaotaka kwenda kuona kilichojengwa na baba zao.

Uganda ilianza vibaya kwa kufungwa na Algeria mabao 3 kwa 0. Kisha ikaifunga Guinea 3 kwa 0 na Niger 2 kwa 0. Usiku wa tarehe 18 Agosti ilicheza na Afrika Kusini. Sajini alikuwa zamuni. Mkewe alikuja na kijana, tiketi zikiwa zimenunuliwa kwa fedha za kilemba chake cha sikukuu, bila kumwambia mtu.

Uwanja ulijaa watu. Sajini, akiwa ameupa mchezo mgongo kama kawaida, aliwatafuta kwa macho mpaka akawaona. Kipindi cha pili Afrika Kusini iliongoza kwa mabao 3 kwa 1. Watu walianza kuinuka, na askari wakajiandaa kwa msukumano wa malangoni. Kijana hakuinuka. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha Uganda ikapata penalti, na mgongoni pake Sajini akasikia kimya cha maelfu ya watu, kisha ngurumo. Katika dakika za nyongeza ikaja penalti nyingine. Safari hii hakuwatazama walevi wala wenye chupa. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliivunja kanuni, akatazama sehemu moja tu. Alimwona mwanawe akifumba macho, akimshika mama yake mkono, kisha akiruka juu kana kwamba ardhi imemsukuma. Matokeo yalikuwa 3 kwa 3, na Uganda ikasonga mbele ikiwa ya kwanza katika kundi lake.

Siku tano baadaye Senegal iliitoa Uganda kwa bao 1 kwa 0. Kijana alilia waziwazi. Na hakuwa ameweka hata shilingi.

WALE WALE

Hapo ndipo liliposimama swali ambalo Sajini amelibeba hadi leo. Wachezaji wale waliojaza Namboole hawakushuka kutoka mbinguni. Ni wale wale ambao hucheza Lugogo, Wankulukuku, Kitende na Bombo mbele ya majukwaa matupu. Wananchi hawajawakataa vijana wao. Wakipewa saa inayofaa, uwanja safi, na jambo la kugombewa kwa haki, wanakuja pamoja na wake na watoto. Mashindano ya Masaza ya Buganda, yaliyoanzishwa mwaka 2004, huonyesha hivyo kila mwaka, kwa kuwa mtu wa Gomba au Buddu anakwenda kuishangilia saza alikozaliwa babu yake, wala haulizi kama kuna nyota wa kimataifa.

Wenye madaraka ya mpira wana sehemu yao katika jambo hili: ratiba isiyobadilishwa usiku wa kuamkia mechi, malango ya kutosha, vyoo vya wanawake vilivyo wazi, na waamuzi wanaoaminika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji miujiza. Lakini wazazi nao wana sehemu yao, na Sajini aliamua kuanza na yake.

Baada ya ligi kuanza tena, alipata Ijumaa moja asiyokuwa zamuni. Alimsubiri kijana atoke shuleni, wakapanda teksi hadi Lugogo, kwenye uwanja uliopewa jina la Phillip Omondi, yule yule aliyemwona akiwa mabegani mwa baba yake. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha anza. Majukwaa yalikuwa na watu wachache. Sajini alikaa kitako, akiutazama mchezo kwa uso, na kwa muda hakujua aweke wapi mikono yake.

Mchezo haukuwa mzuri. Kijana alipiga miayo mara mbili na kuitazama simu. Kisha mchezaji mmoja wa pembeni alikuja kurusha mpira hatua chache mbele yao, na kijana akamtambua kuwa alikuwa Namboole. Alimwita kwa jina, kwa sauti kubwa. Katika uwanja mtupu sauti ilifika. Mchezaji aligeuka, akainua kidole gumba, akarusha mpira.

Kijana aliitia simu mfukoni.

Wakati wa kurudi, wakiwa wamebanana ndani ya teksi kwenye msongamano, alimwuliza baba yake timu ya Polisi itacheza lini. Sajini alimwambia ni Jumanne, saa kumi, naye atakuwa zamuni.

"Basi nitakuja na mama," kijana akasema. "Tutakaa mbele yako."